Kibao cha Ma Koku

Tulimuaga Ma Koku kwa mkate wa dukani. Naanza na hilo ili mtu asidhani nilikwenda Buzuruga, hapa hapa Mwanza, kulia tu. Nililia, ndiyo, lakini hasira ilitangulia. Turubai limefungwa uani kwa mpwa wake, viti vya plastiki vimepangwa, jeneza liko sebuleni linasubiri gari la kwenda Bukoba, na sisi waombolezaji tunaletewa chai na vipande vya mkate mweupe wa mfuko, ule ambao ukiubonyeza kwa kidole hauinuki tena. Nikakishika kipande changu. Nikamtazama binti aliyekuwa akigawa, nikataka kumuuliza kama anamjua aliyelala mle ndani. Nikaona nitamwonea bure. Nikakirudisha kwenye sinia, nikanywa chai yenyewe.

Halafu akasimama kijana wa ukoo na karatasi yake, akasoma wasifu wa marehemu. Alizaliwa wapi, alibatizwa wapi, aliacha watoto gani, aliumwa nini. Katikati ya ubatizo na ugonjwa akatia mstari mmoja tu wa kazi: marehemu alikuwa mjasiriamali mdogo. Akasonga mbele. Mimi nikabaki palepale kwenye lile neno, kama mtu aliyekanyaga mwiba huku wenzake wanaendelea na safari. Mdogo? Nani alimpima? Mimi nilimjua Ma Koku akiwa na matanuri mawili na shule nzima ya wasichana inangoja mikate yake. Huyo hakuwa mdogo. Huyo alipunguzwa. Mti mfupi na mti uliokatwa si kitu kimoja, na mwenye macho akitazama chini ataona kisiki.

Nikainuka kwenda nyuma ya nyumba kupata hewa, na huko ndiko nilikokutana na mwaka wangu. Lilikuwepo banda la kuku. Mlango wake ulikuwa kipande cha ubao, nje kimepauka, kimefungwa kwa waya. Nikakijua kabla sijakigusa. Nikapiga magoti, na magoti yangu siku hizi hayapigwi kwa kitu kidogo, nikachungulia kwa ndani. Rangi ya bluu bado ilikuwepo. Herufi nyeupe bado zilikuwepo, zimerushiwa kinyesi, na ile picha ya mkate iliyofanana na kiatu. Miaka yote hiyo walikuwa wanakisoma kuku.

Mwaka ninaousema, mama yake Neema alikuwa hajaanza kutambaa. Neema ni mjukuu wangu, nitamfikia. Mimi nilikuwa binti mwenye elimu ya darasa la nne na mikono mirefu, naitwa Kabula, na kila asubuhi nilipanda kwa Ma Koku, juu kabisa Mkuyuni, kununua skonzi za kwenda kutembeza Mirongo kwa beseni. Kule juu mtu akitaka kujenga anayaomba mawe ruhusa kwanza. Nyumba ya Ma Koku ilikuwa na vyumba viwili vya tofali, na cha tatu kilikuwa jiwe. Jiwe kubwa kama lori lililojaa pamba, limeinama kidogo, na tanuri lilijengwa limeliegemea, kwa hiyo ukuta wa nyuma wa tanuri ulikuwa ni jiwe lenyewe. Likishapata moto halikupoa hadi jioni. Paka wote wa mtaa walilala juu yake. Asubuhi moja Ma Koku alinitazama nikijitwika beseni huku mtoto yuko mgongoni, akaniambia bila salamu wala utangulizi, "Mikono hiyo unaipoteza kwa kubeba. Kesho njoo ukande. Kuna kasha la unga liko tupu, mtoto atalala humo." Ndivyo nilivyoajiriwa. Mtoto wangu alikulia kwenye kasha la unga, na hadi leo ana ngozi laini kuliko dada zake. Mimi nasema ni unga.

Chumba kile nakiona sasa hivi nikifumba macho. Meza ndefu ya mninga, katikati imechimbika kwa kukandiwa. Makopo ya mikate, yaliyokatwa kwenye madebe ya mafuta na kukunjwa pembe. Hamira ndani ya jagi, imefunikwa kwa kitambaa, inapumua. Kuni zilikuwa mabaki ya mbao kutoka kwa mafundi mitumbwi, na mbao hizo zikiungua zinanukia vizuri kuliko udi. Ma Koku alilipima joto kwa unga: anarusha ukufi kwenye sakafu ya tanuri, ukiwa mweusi tunangoja, ukigeuka rangi ya karanga za kukaanga tunaingiza. Chai tulikunywa baada ya mkupuo wa kwanza, chai ya tangawizi na skonzi zilizopasuka, zile zisizouzika. Jumamosi alipika ndizi na kichwa cha sato, tunakula kwenye sinia moja, na ole wako ushike kijiko. Alikuwa mwanamke mwenye maringo, sikatai. Alitembea kama ameweka glasi ya maji kichwani. Lakini kwenye sinia alinisogezea jicho la samaki, na kwao mtu hampi jicho la samaki asiyemtaka mema.

Chini ya dirisha letu kulikuwa na benchi, na kwenye benchi alikaa Masalu, fundi aliyelijenga lile tanuri. Msukuma kama mimi, mnene, mpole, mdomo wake ndio haukuwa mpole. Alikuja kila asubuhi kusema amekuja kukagua nyufa. Nyufa hazikuwepo. Alikagua skonzi. Mimi nakanda, wao wanataniana, na yote niliyojua kuhusu dunia mwaka ule niliyasikia kupitia dirisha lile. Masalu alikuwa na wimbo wake mmoja: kwamba haelewi Mhaya gani huyu asiyekuwa na kibao. Mwenzake akiuza mkaa mlangoni anaandika Mkurugenzi wa Mkaa. Akifuga bata wawili anaandika Mradi. Kisha humwita kwa utani, kwa neno la heshima la kwao Uhaya: "Wewe waitu, una tanuri zima na hujaandika hata jina? Umebatizwa kweli Kamachumu?" Ma Koku alikuwa anamjibu kwa jambo moja, na jibu hilo limenikaa hadi leo. Alifungua kile kimlango cha tanuri, akaiacha harufu itoke, ishuke kwenye mawe hadi barabarani, akasema, "Kibao changu ni hicho. Hata asiyejua kusoma anakisoma." Na kweli, haikupita muda tukasikia miguu inapanda.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyoanza kuharibika, maana yalianza na heri. Alikuja Sista mmoja kutoka shule ya bweni ya wasichana, amepanda mlima wetu hadi viatu vyake vyeupe vimekuwa rangi ya udongo. Alikula skonzi akiwa amesimama. Akala ya pili. Akasema anataka mikate ya shule nzima, kila siku ya masomo. Mimi nikaacha kukanda. Ma Koku, ambaye alikuwa Mlutheri wa kukaa benchi la mbele, akasema ikiwa Walutheri wanawalisha Wakatoliki basi tujiandae, Bwana anarudi. Sista akacheka hadi akakaa. Kisha akasema neno dogo tu, kwa upole: mhasibu wa shule halipi bila risiti, na risiti haitoki kwa mtu asiye na leseni. Ma Koku akamwambia hilo si neno. Sista alipoteremka, Ma Koku alisimama mlangoni muda mrefu akimwangalia. Akageuka akaniambia, "Tutajenga la pili, na hilo la pili litakuwa lako. Utasimama mbele yake wewe. Ukishaliweza, siku moja utakwenda kujenga la kwako, na mimi nitakuja kununua."

Mtu aliyezaliwa na kitu chake hawezi kuelewa maneno hayo yalinifanya nini. Mimi sikuwahi kuambiwa kwamba kuna kitu kitakuwa changu. Nilimbeba mwanangu usiku huo nikamwambia habari ya tanuri kama mtu anayemsimulia mtoto habari ya baba yake.

Masalu akajenga. Alichukua udongo wa kichuguu, akaukanyaga kwa miguu siku nzima huku akiimba, akaponda chupa akazilaza chini ya sakafu ya tanuri ili zishike joto. Jipya alilibana ubavuni mwa la zamani, yote mawili yakaliegemea lile jiwe, ukuta wa katikati yakachangia, maana nafasi nyingine hapakuwa. Tuliliwashia moto mdogo mdogo wa kulikausha. Nami kila nikipita nalipapasa, kama mtu anavyompapasa ndama. Na kwa kuwa leseni ilitaka biashara yenye jina na mahali panapoonekana, Ma Koku akaenda kwa mchoraji kule Mirongo. Kibao kikaja kimefungwa kwenye shuka. Bluu, herufi nyeupe: MA KOKU, MIKATE NA SKONZI. Chini yake: TUNAPOKEA ODA ZA SHULE NA HARUSI. Pembeni picha ya mkate. Masalu akaitazama picha, akainamisha kichwa upande mmoja, upande wa pili, akasema tujiandae kupokea watu na soli zilizobanduka. Tulicheka sana. Tukakisimamisha chini, pale kichochoro chetu kinapoachana na barabara, tukanywa soda. Ma Koku alivuka barabara ili akione kwa mbali. Sijawahi kumwona mtu akisoma jina lake taratibu hivyo.

Kwa miaka yote Ma Koku aliyooka kwa harufu, hakuna aliyepanda mlima ule ila mwenye njaa. Kibao kilipokaa wiki, wakaanza kupanda wengine. Na nataka niseme mapema, kwa sababu kila ninayemsimulia hungoja nifike kwenye rushwa: hakuna aliyeomba rushwa. Walikuwa vijana wenye adabu. Walipanda wanahema, wakasema shikamoo mama, wakakaribishwa, wakala skonzi, wakasifu, wakajifuta vidole, wakaandika. Heri wangekuwa wezi. Mwizi anakuibia siku moja anakwenda zake.

Wa kwanza hata juu hakufika. Alikuja na futi ya kamba akapima kibao, urefu na upana, kwa sababu kibao nacho kina ushuru wake, na ushuru unakwenda kwa ukubwa. Ma Koku akauliza, kikiwa kidogo? Akajibiwa ushuru nao utakuwa mdogo. Basi akamwita Masalu na msumeno, wakakikata nusu ya chini. Neno la oda za shule na harusi likaenda kuwa rafu ya kuwekea makopo. Nakumbuka Masalu hakutania siku ile. Alikata, akapuliza vumbi la mbao, akaondoka.

Wa pili alikuwa wa afya. Alipenda usafi wetu, akasema wazi. Lakini chakula cha kuuzia shule, alisema, hakiokwi kwenye kibanda. Panatakiwa jengo la kudumu, ukuta uliopigwa lipu na kupakwa rangi, dari, sakafu ya saruji. Wa tatu alikuwa wa ardhi. Huyu aliangalia ile saruji ambayo Ma Koku alikuwa ameshaanza kuinunua, akasikitika, akasema mlima huu haujapimwa, hapa jengo la kudumu haliruhusiwi, akachora alama ya X nyekundu ukutani, kubwa, rangi ikachuruzika. Wa nne alikuwa wa zimamoto, akataka mlango wa pili wa kukimbilia, upande wa nyuma. Ma Koku akamshika mkono taratibu akampeleka nyuma akamwonyesha jiwe. Kijana akalitazama jiwe kuanzia chini hadi juu. Akaandika vilevile.

Siku moja nilimsindikiza kwenda ofisini. Alivaa gomesi lake la zambarau, lile la harusi na Krismasi, akafunga mkanda, akapaka mafuta miguu ikang'aa. Mimi nilibebeshwa kikapu cha skonzi. Huwezi kwenda kwa watu mikono mitupu, alisema, hata kama watu wenyewe wamekupaka X. Tulikaa kwenye benchi asubuhi nzima. Vyumba vya wale wawili, wa afya na wa ardhi, vilitazamana kwenye kordo moja. Mmoja akipiga chafya mwenzake anamwambia afya. Tukaingia kwa wa ardhi. Akasema, "Mama yangu, mimi sikukatazi kuoka. Nakukataza kujenga ukuta." Tukavuka kordo kwa wa afya. Akasema, "Mama yangu, mimi sikukatazi ukuta. Nakukataza kuoka bila ukuta." Ma Koku akatoka akasimama katikati ya kordo, milango yote miwili imefunguliwa, wote wawili wanamwona na wanaonana. Akawaambia, wala hakupaza sauti, "Basi wanangu, mmoja wenu avuke kordo." Wakatazama chini. Yule wa ardhi alikuwa na haya usoni, namkumbuka. Alisema kila idara ina sheria yake na mkuu wake, na wakuu wote wawili wamekwenda semina. Ma Koku akauliza semina ya nini. Akaambiwa, ya namna ya kuwakuza wajasiriamali wadogo. Skonzi walizila. Kikapu tulirudi nacho kitupu.

Tukarudi hadi chini ya kibao. Hapo akasimama akakitazama, kile kilichobaki. Nikamwambia tukitoe, tuoke kama zamani kwa watu wa mtaa, na shule ituache. Akaniambia nimechelewa. "Tulikuwa hatuonekani, Kabula. Mtu akishakuona, ukijificha anakuita mwizi."

Ikaja amri ya kusimamisha kuoka hadi masharti yatimie. Karatasi ilibandikwa mlangoni na mtendaji ambaye mke wake alikuwa mteja wetu. Wiki zikapita. Nyumba ile bila moto ilikuwa kama nyumba yenye mgonjwa. Tuliongea kwa sauti ya chini bila kujua sababu. Jiwe likapoa, paka wakahama. Mimi nilirudi kutembeza beseni Mirongo, safari hii la mahindi ya kuchemsha, lakini kila asubuhi nilipanda kwanza kumwona. Tulikunywa chai ya tangawizi bila kitu, tukiliangalia tanuri langu. Lilikuwa limekauka vizuri, limekuwa na sauti. Ukiligonga kwa kidole linaitika kama chungu. Ma Koku alikuwa anasema shule itangoja, Sista ni mwanamke mwenye neno. Sista alingoja, kweli. Alingoja kadiri mtu mwenye wasichana wenye njaa anavyoweza kungoja. Halafu siku moja nikiwa barabarani nikaona gari la kiwanda cha mikate, lina jina ubavuni kwa herufi kubwa kuliko mlango wetu, linakata kona kuelekea shuleni. Nilipomwambia, alikuwa anachambua maharage. Hakuacha kuchambua.

Kilichomfanya awashe moto ni wadudu. Unga wa shule, magunia aliyoyanunua kwa ajili ya ile oda, ulianza kuingia wadudu, na Ma Koku kwa mambo mengi angevumilia lakini unga kuliwa na wadudu, hapana. Akasema tutaoka mkupuo mmoja, alfajiri, kwenye tanuri la zamani, tuwagawie majirani, basi. Nilikanda. Mikono yangu ilikuwa imeutamani unga, nilikanda huku nacheka peke yangu. Alirusha ukufi, ukageuka rangi ya karanga, tukaingiza. Na skonzi zilipoanza kuiva, mkono wake, bila yeye kuuambia, ukafanya ulichokifanya maisha yake yote. Ukafungua kimlango. Harufu ikatoka, ikashuka kwenye mawe.

Mimi ndiye niliyekuwa dirishani. Niliona chini, kwenye kichochoro, sare ya mgambo inapanda, na kirungu. Mwanga ulikuwa ndio unaanza, sikumtambua mtu, niliona sare. Nikasema, "Wanakuja." Ma Koku hakuuliza wangapi. Kulikuwa na pipa la maji pembeni ya mlango. Akachota ndoo, akamwaga ndani ya tanuri linalowaka, akachota nyingine akamwaga, mvuke ukatoka ukatujaza hadi sikumwona tena, nikawa nasikia ndoo tu.

Mtu wa Mwanza hahitaji kuelezwa. Kokoto zote zilizojenga mji huu zimepatikana hivyo: unalichoma jiwe moto mkali, kisha unalimwagia maji baridi, linapasuka lenyewe. Watoto wa kwetu wanalijua hilo kabla hawajajua kuhesabu. Ma Koku alilijua. Aliishi juu ya mawe hayo akisikia wapasua kokoto kila siku ya Mungu. Lakini hofu haina elimu. Mlio wa kwanza ulikuwa kama kofi. Wa pili ulikuwa mzito, wa chini, niliusikia kwenye nyayo. Mwanangu akaamka kwenye kasha akapiga kelele. Mvuke ulipopungua nikaona ufa umeanzia mdomoni mwa tanuri la zamani, umepita ukuta wa katikati, umeliingia langu, umepanda hadi kwenye jiwe lenyewe, mweusi, umenyooka. Tanuri langu halikuwahi kuoka mkate hata mmoja.

Yule mgambo akatokea mlangoni anahema. Alikuwa kijana wa mtaa wa pili, mteja wetu wa siku zote. Akavua kofia. "Shikamoo Ma Koku. Nimesikia harufu tangu barabarani nikasema leo sipiti. Skonzi zimerudi?"

Ma Koku alikuwa ameshika ndoo, gauni limelowa hadi kiunoni, majivu usoni. Akasema, "Marahaba, mwanangu. Leo hakuna."

Masalu alipokuja hakuketi kwenye benchi. Aliingia ndani, akatia kidole kwenye ufa, akaufuata hadi mkono wake ulipokoma. Akamwita mayu, neno letu la mama, badala ya waitu ya utani. Akasema yuko tayari kubomoa na kujenga upya, bure, udongo upo. Ma Koku akamuuliza ajenge nini, na kwa ruhusa ya nani. Masalu akaufuta mkono wake kwenye suruali, akakaa mbele ya tanuri. Walikaa hivyo, watu wawili waliozoea kurushiana maneno, wanasikiliza matone ya maji yakidondoka ndani ya tanuri. Kabla mwaka haujaisha Ma Koku aliuza makopo kama chuma chakavu, akashuka mlimani akaenda Buzuruga kwa mpwa wake. Alifungua kimeza karibu na stendi. Mnajua alikuwa anauza nini? Mikate ya mfuko ya kile kiwanda. Alipanga kila asubuhi mikate ambayo huwezi kuibonyeza ikainuka, na akiniona nakuja alikuwa anaifunika na kanga, kama mtu aliyekutwa anaoga. Hakuna ofisi iliyomsumbua tena. Hicho ndicho alichokisoma yule kijana na karatasi yake: mjasiriamali mdogo. Hatimaye walimpata wa saizi wanayoijua.

Na mimi nilijifunza. Nilijifunza vibaya labda, lakini nilijifunza kabisa. Nimeoka skonzi kwa sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, tangu mwaka ule hadi juzi. Kwa sufuria hiyo nimesomesha watoto watano, mmoja ni nesi, na mama yake Neema anafundisha, yule wa kwenye kasha. Najivuna, kwa nini nisijivune? Lakini sikuwahi kuwa na sufuria ya pili jikoni kwa wakati mmoja. Walikuja watu wa harusi, nikasema mimi ni mzee, na sikuwa mzee. Alikuja mwenye hoteli ndogo, nikamwambia ninaoka kwa ajili ya nyumbani tu. Wanangu walidhani nina roho ya kuridhika. Mchungaji aliwahi kunitaja kwenye ibada kama mfano wa kuridhika. Nilikaa pale benchini nikaitikia amina, huku najua ni ufa ule tu, unatembea.

Neema amesomea biashara chuoni, ana cheti, na anaoka keki kwenye jiko la umeme jikoni kwangu, anaziuza kwa picha za simu. Zinakwenda. Niliporudi kutoka Buzuruga nilimkuta ana furaha hadi hakai. Kuna hoteli kubwa mjini inataka keki zake kila wiki, lakini inataka biashara iliyosajiliwa, yenye jina na mahali. Akanikalisha, akaniuliza iitwe nani, na kibao tukiweke wapi, pale kwenye geti au kule kona. Nikamwambia habari ya Ma Koku yote, kama nilivyoiandika hapa. Alisikiliza hadi mwisho, ana adabu. Kisha akanishika mkono akasema, "Pole, Bibi. Lakini siku hizi mambo yote yako kwenye simu. Unajaza tu, hakuna anayekuja nyumbani."

Sikumbishia. Labda ni kweli. Mimi simu najua kupokea tu. Alirudi jikoni akafungua jiko atazame keki yake, na harufu ikatoka, siagi na sukari na vanila, ikajaa chumba, ikaanza kwenda nje. Kwenye barabara yetu nilisikia pikipiki inapunguza mwendo. Nikainuka, nikaenda hadi dirishani, nikalifunga, nikatia na komeo.

"Bibi, mbona unafunga? Joto."

Nikamwambia, "Harufu inatoka."